Nani anaongea hapa? Farid, Guru, na wafasiri waliopotea majina

Kuna beti mbili zimekaa jirani kwenye ukurasa wa 1378 wa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, ya 12 na ya 13. Kwenye ya kwanza Baba Farid, Sufi wa Kiislamu wa zamani, anasema, kwa maneno yangu mimi, asiyempenda Mola wakati nywele zake bado nyeusi, akija kumpenda zikishakuwa mvi huyo ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mpende upate rangi mpya. Ya pili inaanza na jina lilelile, "Farida", halafu inasema nywele nyeusi au nyeupe Mola yupo siku zote kwa anayemwelekezea moyo, ila mapenzi haya mtu hajipi mwenyewe hata ayatamani vipi, kikombe ni cha mwenye nacho na anampa amtakaye.

Ukisoma harakaharaka utadhani mzee Farid kajijibu mwenyewe, kaanza kwa kutisha watu kisha kawaonea huruma. Lakini juu ya beti ya pili kuna alama ndogo sana, herufi ya M na namba 3. Mahala ya 3, yaani Guru wa tatu wa Wasikh, Amar Das. Sasa huyu Amar Das, kwa mapokeo ya Wasikh, alizaliwa mwaka 1479, akala sehemu kubwa ya maisha yake akienda kuhiji mto Ganges kama Wahindu wenzake, akakutana na Guru Angad akiwa tayari babu mzima, akawa anamchotea maji mto Beas alfajiri na baridi yake, na akapewa u-Guru mwaka 1552 akiwa na miaka 73. Ndo huyo anayejibu habari ya mvi, na mvi zenyewe anazo kichwani!

Toa hiyo M na 3 uone kinachobaki. Maneno hayajabadilika hata moja lakini maana imepotea, manake aliyekuwa anamjibu mtakatifu wa zamani kwa upole na kwa ushahidi wa maisha yake mwenyewe ametoweka, umebaki na Farid mmoja asiyejua anataka kusema nini.

Nimeanzia hapo makusudi. Ninachotaka kusema leo ni hiki: kitabu cha Wasikh kina nidhamu kali sana kuhusu nani kasema nini, lakini vitabu vya kukifafanua, zile wanazoita tika (watu wa pwani wangesema sherehe, wengi wetu tunasema tafsiri basi), vimekuwa vinalegea kwenye jambo hilohilo kwa miaka mia nne, na ulegevu wenyewe si wa bahati mbaya.

Kwa msomaji ambaye Usikh kwake ni kilemba tu: ni hawa tunaowaita kalasinga, au singasinga kwa huku Bongo, na kama umewahi kusafiri Nairobi kwenda Mombasa kwa gari dogo basi huenda umeshasimama pale Makindu, kwenye hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 enzi za reli, ukala chapati na dengu bure bila mtu kukuuliza dini yako. Kile kitabu ulichokiona kimelazwa juu kwenye mito na kitambaa, watu wanakipigia magoti, kwao si kitabu kinachomhusu Guru, ni Guru mwenyewe. Tangu mwaka 1708, Guru wa kumi, Gobind Singh, alipofariki kule Nanded, hakuna Guru mwingine binadamu. Liweke hilo akilini, litatusaidia mbele kuelewa kwa nini mfasiri anapata aibu kuandika jina lake.

Twende kwenye nidhamu yenyewe. Kitabu kina kurasa 1430, na nakala zote za kuchapwa siku hizi zinafuata mgawanyo huohuo wa kurasa, kwa hiyo nikisema 1378 mtu wa Amritsar na mtu wa Kericho wanafungua pamoja. Ndani kuna nyimbo za Maguru sita, na wote sita wakifika mwisho wa shairi wanajiita jina moja, Nanak. Sio utani. Guru wa pili anajiita Nanak, wa tano Nanak, wa tisa Nanak, kwa sababu wanaamini mwanga ni mmoja unaohama mwili. Kwa utaratibu huo ungetegemea fujo tupu, si ndiyo? Lakini hapana, mbele ya kila wimbo kimewekwa kichwa kinachotaja raga yake, yaani mtindo wa muziki wa kuuimbia, na mahala ya 1, ya 2, ya 3, ya 4, ya 5 au ya 9. Sahihi ni ya wote ila namba ni ya mmoja. Na wale ambao sio Maguru wametajwa kwa majina yao: Kabir mfuma nguo, Ravidas fundi viatu, Dhanna mkulima, Namdev wa ukoo wa mafundi cherehani, Farid Sufi wa Kiislamu. Kwa India ya tabaka za kuzaliwa, kuweka jina la fundi viatu kwenye maandiko halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Kuna sehemu wanafika mpaka kuchekesha kwa uangalifu. Ukurasa wa 1253 kuna mstari mmoja tu wa mshairi Surdas, mmoja, unasema ewe moyo achana na wanaompa Mungu kisogo. Basi. Halafu unafuata wimbo mzima wenye kichwa "Mahala ya 5, Surdas", manake Guru Arjan kachukua hoja ya Surdas kaiendeleza kwa njia yake mwenyewe, na kichwa kinakuonyesha wote wawili. Wanaojua takhmisa zetu za pwani, mshairi anachukua mishororo miwili ya mkongwe anaipachikia mitatu yake, hawatashangaa sana, ila hata sisi mara nyingi tunabaki kubahatisha kipi cha mkongwe na kipi cha mpachikaji.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu jina lilishaibiwa. Guru wa nne, Ram Das, alipofariki mwaka 1581 alimwachia kiti mtoto wake mdogo, Arjan, akamruka mkubwa, Prithi Chand. Mkubwa hakukubali, akaanzisha mlolongo wake wa Maguru, yeye na mwanae Miharban wakawa wanatunga nyimbo na kuzitia sahihi ya Nanak kama kawaida, na wao pia wakajihesabia mahala zao, ya 6 na ya 7. Hebu fikiria wewe ni mwanakijiji umesikia wimbo mtamu unaishia na jina la Nanak, utajuaje katoka wapi? Guru Amar Das alishaonya kabla kuhusu bani mbichi, maneno yasiyo ya Guru wa kweli, akasema wanaosema ni wabichi na wanaosikiliza ni wabichi. Kwa hiyo mwaka 1604 Guru Arjan alipokusanya kitabu kimoja rasmi, mwandishi wake akiwa Bhai Gurdas, alikuwa anakusanya ibada lakini vilevile alikuwa anafunga mlango.

Sasa hapa ndo pana kejeli ambayo naipenda kuliko zote kwenye historia hii. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kukaa chini wakafafanua nyimbo za Guru Nanak kwa urefu, wimbo kwa wimbo, ni huyohuyo Miharban, mtoto wa aliyefungiwa mlango. Na alivyofanya ni ujanja wa aina yake, hakuandika "mimi naona maana yake ni hii", alisimulia mazungumzo: Guru Nanak alikuwa mahali fulani, watu fulani wakamuuliza jambo, akaimba wimbo, kisha maelezo yakafuata humohumo ndani ya hadithi. Yaani sherehe imevaa kanzu ya kisa, na ukimaliza kusoma huwezi kusema kwa uhakika maelezo yaliishia wapi na Guru alianzia wapi. Baba yake alichukua sahihi, yeye kachukua sauti. Wasikh wa Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa, waliwatenga watu wa ukoo ule, wakawaita Mina, jina la dharau, na hata kukaa nao ikakatazwa, lakini mtindo wenyewe wa kuufafanulia wimbo kwa kisa cha lini, wapi na nani aliuliza haukutengwa, uko hai mpaka leo kwenye mahubiri.

Mtu wa upande wa pili, aliyeaminiwa kabisa, ni Bhai Gurdas, yule mwandishi wa 1604. Tungo zake ndefu zinazoitwa var zimepewa heshima ya kuitwa ufunguo wa Granth. Nakala za kuchapa zina var 40 na mara nyingi ya 41 juu yake. Ya 41 ndo ile yenye kibwagizo maarufu cha kumsifu Gobind Singh, mwenyewe Guru na mwenyewe mwanafunzi. Tatizo ni kwamba Bhai Gurdas alifariki miaka ya 1630, na Khalsa inayosifiwa mle ndani ilianzishwa mwaka 1699. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Aliyetunga ni Gurdas mwingine, wa baadaye, na wasomi wa Kisikh wenyewe wamelisema hilo siku nyingi bila kugombana, ila var inaendelea kukaa kwenye jalada moja na zile 40 na msikilizaji wa kawaida anaambiwa "Bhai Gurdas anasema". Sidhani Gurdas wa pili alikuwa tapeli, inawezekana kabisa ndo jina alilopewa. Ila kukaa chini ya jina hilo kumeipa var yake miguu ambayo pengine isingekuwa nayo.

Bhai Mani Singh kafanyiwa zaidi ya hapo. Huyu ni shahidi mkubwa, aliuawa Lahore miaka ya 1730 kwa kukatwa kiungo kwa kiungo, na mapokeo yanasema ndiye aliyeshika kalamu Guru Gobind Singh alipotoa toleo la mwisho la Granth kule Damdama. Kuna kitabu, Gian Ratanavali, kinachofafanua var ya kwanza ya Bhai Gurdas kwa visa, kimebeba jina lake. Watafiti kama W. H. McLeod wameangalia maandishi tuliyonayo wakaona hayawezi kuwa yametoka moja kwa moja mkononi mwake. Na visa vya Guru Nanak vya mapokeo ya Bala, ambavyo vilipendwa na kuchapwa kuliko vingine, vinajitambulisha kama ushahidi wa macho wa mtu aitwaye Bhai Bala aliyesafiri na Guru, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 mwanahistoria Karam Singh akaandika kitabu kizima kusema huyo Bala hakuwepo, na moja ya hoja zinazouma ni kwamba Bhai Gurdas alitaja Wasikh wakubwa wa enzi ya Nanak kwa majina kwenye var ya 11 na Bala hayumo.

Utauliza visa vinahusianaje na tafsiri. Vinahusiana kwa sababu mfasiri wa zamani hakufungua wimbo kwa kamusi, alifungua kwa kisa. Ukimwambia msikilizaji wimbo huu Guru aliuimba mbele ya mganga tapeli, kila neno linakaa kivingine kuliko ukimwambia aliuimba mbele ya mama aliyefiwa. Kwa hiyo aliyetunga kisa ameandika nusu ya tafsiri, na kama kisa kimetiwa mdomoni mwa shahidi asiyekuwepo, basi nusu hiyo ya tafsiri haina mwenyewe.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Kumbuka nililosema kuhusu mwaka 1708. Mbele ya kitabu ambacho ni Guru aliye hai, mtu anayesema kwa sauti "hii ni tafsiri yangu mimi fulani" anaonekana kama anavuta kiti akae karibu na Guru. Wasikh wana neno haumai, umimi, na ndo ugonjwa mkubwa kwenye dini yao. Kwa hiyo heshima ikawa kuficha jina, au kulipandisha juu, useme nimepokea kwa fulani aliyepokea kwa fulani mpaka kwa shahidi, mpaka kwa Guru wa kumi. Shule ya Taksal inajieleza hivyohivyo, mnyororo wa walimu tangu Damdama. Aliyekulia madrasa anaijua isnadi, hatapata shida kuelewa. Tofauti ni kwamba wenye hadithi walitengeneza elimu nzima ya kukagua kila pete ya mnyororo, huyu alikuwa mkweli, huyu alisahausahau, huyu hawakuwahi kukutana. Kwenye tika mnyororo unatajwa, ukaguzi hakuna.

Zipo tika zenye jina, na zile ni raha kusoma kwa sababu watu wanapigana waziwazi. Anandghan, sadhu (mtawa) wa madhehebu ya Udasi, aliandika tika ya Japji, wimbo wa kwanza wa Granth, mwaka 1795. Wengine ikawakera, na mwaka 1829 Bhai Santokh Singh akatoa yake aliyoiita Garab Ganjani, maana yake ni kama kivunja kiburi, na kiburi kinachovunjwa ni cha Anandghan, hakuna kuuma maneno. Sisi wenyewe tunajua hali hiyo, ukisema tafsiri ya Kurani ya Kiswahili kwa mtu mzima wa Zanzibar au Mombasa swali la kwanza ni tafsiri ya nani, ya Sheikh Farsy au ya Ahmadiyya, na jibu lako linaamua kama mazungumzo yanaendelea. Swali hilo linaweza kuwa la ushabiki, sikatai, lakini ni swali la afya.

Sasa tika ya Faridkot, na hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 1877 huko London ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya Granth, kazi ya Mjerumani Ernst Trumpp aliyelipwa na serikali ya Waingereza. Trumpp alikuwa mtu wa lugha hodari lakini dharau zake hazikufichika, kitabu alikiona cha kuchosha na hakuona haya kusema, na baadaye Macauliffe, mzungu mwingine aliyefasiri Granth, akasimulia kwamba alikuwa anapuliza moshi wa sigara juu ya Granth mbele ya wasomi wa Kisikh. Watu waliwaka. Raja Bikram Singh wa Faridkot akaamua jibu ni kutoa tafsiri kamili ya Wasikh wenyewe, ya kitabu chote, na kazi akapewa Giani Badan Singh wa Sekhwan. Badan Singh akaandika miaka kadhaa, akamaliza rasimu mwaka 1883, ikapelekwa kwenye kamati ya wasomi wakaipitia wakairekebisha, Raja akafariki mwaka 1898 haijachapwa, ikaja kutoka mwanzoni mwa karne ya 20. Ndo tika ya kwanza kukifafanua kitabu kizima mwanzo mpaka mwisho.

Na inaitwaje? Faridkot Vala Tika. Tika ya Faridkot. Jina la dola ya Raja! Badan Singh utamkuta kwenye utangulizi wa wanahistoria, kwenye mazungumzo ya mtaani hayupo. (Na Faridkot yenyewe, kwa mapokeo, imepewa jina la Baba Farid, kwa hiyo kwa njia ya mzunguko Farid kapata heshima ya kazi ambayo si yake. Ulimwengu huu.)

Utasema hilo ni suala la heshima tu, maana inabaki ileile. Hapana bwana. Badan Singh alitoka kwenye mazingira ya kisomi ya Wanirmala, watu waliosoma Sanskriti na falsafa ya Kihindu ya Vedanta, na tika inanuka hivyo: lugha ni nzito ya kisadhu, na mstari mmoja unaweza kupewa maana mbili tatu zikiunganishwa na "au", "au". Ukijua ni kazi ya mtu wa shule fulani, unaisoma hivyo, unasema aha, hapa Giani anasoma kwa miwani ya Vedanta. Ukiambiwa ni tika ya Faridkot, iliyopitishwa na kamati, iliyolipiwa na mfalme ili kumjibu mzungu, inakuwa msimamo wa umma mzima. Ndo maana wanamageuzi wa vuguvugu la Singh Sabha walipoanza kupinga usomaji ule walikuwa wanapigana na ukuta badala ya kujadiliana na mtu. Kwa hili, inaniuma kukiri, Trumpp na ubaya wake wote alifanya jambo moja sahihi, kosa lake lina jina lake, kila mtu anajua pa kulipeleka.

Miaka ya 1936 hadi 1941 ikatoka tika nyingine, Shabadarth, majuzuu manne, matini upande mmoja na maelezo upande wa pili, kurasa zikifuata zilezile 1430. Kazi nzuri mno, fupi, safi, mpaka leo mwanafunzi anaanzia hapo. Jalada halina jina la mwandishi. Lilikuwa kundi, lakini inajulikana mzigo mkubwa aliubeba Teja Singh, profesa wa Kiingereza wa Khalsa College kule Amritsar. Hapa hoja ya unyenyekevu ina nguvu kuliko mahali pengine popote na sitaki kuipuuza, watu walifanya kama huduma, seva, kama anayeosha vyombo vya langar, jiko la bure la hekalu, hakuna anayeandika jina lake kwenye sahani. Sawa. Ila sahani ni sahani. Anayechagua kwamba neno hili maana yake "amri" na si "hiari" amenishika mkono ananipeleka mahali, nina haki ya kumwona usoni.

Halafu nawauliza wenye hoja hiyo, Maguru hawakuwa wanyenyekevu? Guru Amar Das anayesema mapenzi mtu hajipi mwenyewe, huyo alikuwa na umimi? Mbona namba yake ipo? Namba si majivuno. Haisemi mimi ni mkubwa, inasema ni mimi, ya tatu, sio Farid.

Aliyeligeuza jambo hili kwa vitendo ni profesa Sahib Singh, na nakiri ni shabiki wake. Alizaliwa mwaka 1892 kwenye familia ya Kihindu, akaingia Usikh akiwa kijana, na akiwa na miaka sabini akachapisha tika yake, Darpan, majuzuu kumi, 1962 mpaka 1964, kitabu kizima, jina lake juu. Kabla ya hapo alikuwa ameshaandika sarufi ya lugha ya Granth, mwaka 1939, kwa kugundua kwamba zile irabu fupi mwishoni mwa maneno ambazo watu walidhani ni mapambo ya maandishi ya zamani zina kazi. Mfano wake mtamu unahusu hilihili tunaloliongea. Neno Nanak likiwa na kialama kidogo cha u chini ya herufi ya mwisho, Nanaku, ni mtenda, "Nanak anasema". Bila kialama linaweza kuwa la kuitwa, "ewe Nanak", au la kumilikiwa, "wa Nanak". Yaani kwenye herufi moja kuna jibu la nani anaongea na nani anaongeleshwa! Wafasiri wa mapokeo walikuwa wanapita juu yake kwa sikio na kwa kisa, yeye akasema subiri, angalia maandishi. Mtu wa Kiswahili anaelewa upesi, badilisha "a" iwe "u" mwanzoni mwa kitenzi uone kama anayeongelewa hajabadilika. Na cha muhimu, kwa sababu alionyesha kanuni na kuweka jina, watu wameweza kumpinga kwa hoja, kwamba hapa kanuni imemzidi nguvu, hapa kalazimisha. Hakuna aliyewahi kuipinga kamati namna hiyo.

Hata yeye hakumaliza kila fumbo. Farid wa kihistoria alifariki miaka ya 1260, Nanak kazaliwa 1469, na Macauliffe kwenye kazi yake ya mwaka 1909 alishikilia kwamba beti za Farid ni za Sheikh Ibrahim, mrithi wa kiti cha Farid kule Pakpattan aliyekutana na Nanak, kwamba Ibrahim alitumia jina la mwasisi kama Maguru walivyotumia la Nanak. Sahib Singh na wengine wakasema la, ni Farid mwenyewe. Mimi naegemea kwa Sahib Singh ila hoja ya jina kuwa kiti siwezi kuicheka, kitabu kizima kimejengwa juu yake.

Na ili nisijifanye nidhamu ya Granth haina mwanya, kuna beti ya 119 na 120, ukurasa wa 1384. Farid: mwili wangu unawaka kama tanuri, mifupa yangu ndo kuni, miguu ikichoka nitatembea kwa kichwa nimfikie mpenzi. Inayofuata: usiuchome mwili kama tanuri, usiteketeze mifupa, kichwa na miguu vimekukosea nini, mpenzi mtazame ndani mwako. Ni jibu, tena jibu linaloua kabisa mambo ya kujitesa, na halina alama yoyote juu yake! Unajua ni la Guru Nanak kwa sababu beti hiyohiyo imerudi ukurasa wa 1411 chini ya mahala ya 1. Asiyefika 1411 atahubiri kwamba Farid kajirekebisha, na wapo wanaohubiri hivyo. Hapa mfasiri mwenye jukumu ndo anapohitajika, akuambie "hii ni ya Nanak, nimejua kwa sababu hii", sio akupe maana peke yake.

Kuhusu Ragmala, lile shairi la orodha ya raga mwisho wa kitabu, sisemi sana. Watu wamegombana zaidi ya karne kama ni ya Guru au ya mshairi Alam, kanuni za Wasikh za mwaka 1945 zikaacha kila mahali wafuate desturi yao kuisoma au kutoisoma ila zikakataza kuchapa kitabu bila hiyo. Dasam Granth nayo, kitabu kingine chenye mashairi yaliyosainiwa Ram na Shyam chini ya heshima ya Guru wa kumi, inavunja urafiki mpaka leo. Nashangaa tu kwamba nguvu yote inaishia huko, wakati tika zinazotumika kila asubuhi kuwaambia mamilioni ya watu Guru anasema nini hazipati hata robo ya maswali hayo.

Siku hizi mahekalu mengi yana skrini. Wimbo unaimbwa, Kigurmukhi, maandishi ya Granth, kinatokea juu, Kiingereza chini, na mara nyingi Kiingereza hicho ni cha Sant Singh Khalsa, daktari wa Kimarekani aliyeingia Usikh ukubwani. Vijana waliokulia Nairobi, Birmingham au Toronto wengi wao hicho ndo Guru wanayemwelewa. Mola anaitwa "he" kila mstari kwa sababu Kiingereza kinamlazimisha mtu kuchagua, Kiswahili kingepita salama na "a" yake isiyojua mume wala mke. Jina la daktari kwenye skrini halionekani, na kwa nafasi iliyopo hata M na namba yake wakati mwingine hukatwa, inabaki beti ya mvi inayoanza na "Farida" na anayesoma anaamini ni Farid.

Kwenye simu hali ni nafuu. Programu nyingi za Granth zinakuruhusu uchague unasoma tafsiri ya nani, unagusa orodha inashuka: Sahib Singh, Manmohan Singh, Sant Singh Khalsa, majina ya watu, safi kabisa. Halafu chini yao, kwenye mstari uleule wa majina ya watu, imeandikwa Faridkot. Badan Singh bado hajaingia.